Hatua Tatu za Dafroza

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Jina: Dorotea Masatu. Umri: miaka arobaini na nne. Makazi: Nyakato, Musoma. Kazi: mtunza maabara, shule ya sekondari. Ugonjwa: kisukari, mwaka wa sita sasa.

Hayo yote yameulizwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Dafroza amenipa leo mchana baada ya misa, pamoja na makopo matatu ya dawa. Amesema niandike kila siku ninavyojisikia, hata mstari mmoja, ili nikimaliza niwe na ushahidi wa kuwasomea wenzangu.

Dafroza ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea pale Iringo. Tulijuana kwenye benchi la kliniki ya sukari miaka minne iliyopita, na tangu hapo kila Alhamisi ya kliniki anayewahi anamwekea mwenzake nafasi kwa khanga. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwangu wiki nzima. Sina mtu mwingine ambaye nikimwambia miguu inawaka moto ananielewa bila maelezo.

Sasa amekuwa wakala. Makopo yanatoka nje, kama kila kitu siku hizi. Jeupe ni hatua ya kwanza, Kusafisha, siku thelathini. La kijani ni hatua ya pili, Kujenga. La dhahabu ni ya tatu, Kulinda.

“Ukifungua la kijani unaachana na vidonge vya hospitali,” amesema. “Vinapigana mwilini. Mimi huu mwezi wa nne sijatia hata kimoja mdomoni. Niangalie, mama Kasmiri.”

Nimemwangalia. Amenawiri, kwa kweli. Tulipojuana kliniki alikuwa mwembamba kama mimi sasa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vijiko viwili vya kopo jeupe asubuhi. Ladha ya majani makavu. Vidonge vya hospitali bado nameza.

Wanafunzi walipotoka nikapima. Nimekuwa nikijipimia maabara miaka yote hii: dawa ya Benedict ya buluu, matone nane ya mkojo, moto. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Chungwa, imezidi zaidi. Ikifika rangi ya tofali, hali mbaya.

Leo kijani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kijani. Nimeharisha. Dafroza anasema ndiyo usafi wenyewe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua imeanza na haina adabu. Redio inaiita El Nino. Maji yameingia jikoni. Kijani.

Jumatano, 5 Novemba

Kijani, mara moja buluu kabisa. Nilikimbia mpaka Iringo kumwambia Dafroza, nimelowa chapachapa. Akaacha shati la mtu kwenye cherehani akanikumbatia. “Si nilikwambia!”

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimefungua kopo la kijani. Vidonge vya hospitali vilivyobaki nimempa Dafroza mwenyewe. Aliniomba. “Vikikaa ndani vitakushawishi,” alisema. Akavifunga kwenye kitambaa akaviweka kwenye droo ya cherehani.

Nimejisikia mwepesi, kama mtu aliyerudisha mzigo wa watu.

Jumatatu, 17 Novemba

Njano.

Jumatano, 19 Novemba

Njano iliyokolea. Kiu. Nimemfuata Dafroza.

“Unapimaga kila siku ya nini?” aliniuliza huku anapima mkono wa gauni. “Unajitia hofu bure. Hiyo ni sukari iliyokuwa imejificha kwenye nyama. Sasa inatolewa. Lazima uione ikitoka.”

Ina mantiki. Sukari ya mkojo ni sukari inayotoka.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda Buswahili kwa dada Nyangi. Lori la mihogo liliniacha barabarani, nikatembea saa nzima kwenye tope.

Dada Nyangi ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na tisa, ameshaolewa na shemeji Magige, akanibeba na kunipeleka kwake kama mwanawe. Aliuza mtama wake mimi nikasoma. Yeye hajui kusoma. Sukari tunayo wote wawili. Yake ilionekana mwaka juzi, na ni mimi niliyempeleka kupimwa.

Nimemgawia makopo yangu, jeupe lililobaki na nusu ya la kijani. Nikamweleza hatua.

“Na vidonge?” aliuliza.

“Unaacha, dada. Kwako wewe tuanze kuacha sasa hivi, maana sukari yako ni ndogo.”

Hilo la kuanza sasa hivi hata Dafroza hakulisema. Nililitunga mimi, hapo hapo kwenye kigoda, kwa sababu nilitaka tuwe hatua moja.

Shemeji Magige alikohoa. “Daktari alikuwaga amesema asikose hata siku.”

“Shemeji, daktari ana wagonjwa mia. Mimi nina dada mmoja.”

Dada akacheka. Akaingia ndani, akanitolea pakiti ya vidonge vyake vya mwezi mzima, mpya kabisa. “Chukua. Wewe ndiye ulisoma.”

Nimerudi navyo kwenye mkoba.

Jumatatu, 1 Desemba

Chungwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya kliniki. Sikwenda. Shule imefungwa, nimebaki na ufunguo wa maabara.

Jumanne, 9 Desemba

Tofali.

Jumatano, 10 Desemba

Tofali. Nimebadili bomba la kioo, nikafungua chupa mpya ya dawa. Tofali.

Ijumaa, 12 Desemba

Kopo la dhahabu. Naamka kukojoa kila mara, midomo imekauka, herufi za daftari zinacheza. Nguo ya kanisani imenivuka begani. Dafroza ameipunguza bila kuniuliza chochote. Alipokuwa ameshika pini mdomoni nilimtazama nikafikiri, huyu anaona. Halafu akatoa pini akasema, “Umependeza. Umerudi usichana.”

Jumatano, 17 Desemba

Tofali.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemeza kimoja cha dada.

Kimoja tu, cha kushusha, ili kopo la dhahabu lipate nafasi ya kufanya kazi.

Jumatatu, 22 Desemba

Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Chungwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mwanangu Kasmiri hakuweza kuja kutoka Mwanza, anasema barabara imekatika. Njano. Nimekula sato na ugali wa mtama peke yangu, nikasikia utamu wa chakula kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Barabara ya Buswahili nayo imezama. Sina habari za dada.

Jumanne, 30 Desemba

Kijani.

Jumapili, 4 Januari 1998

Mkutano wa mawakala na wateja, ukumbi mmoja pale Iringo. Watu wapatao themanini, wengi kina mama. Dafroza alisimama kwanza. Aliongea vizuri, alilia mahali pa kulia. Halafu akaniita.

Sikujiandaa. Nilisimama nikasema: “Mimi ni mtu wa maabara, siamini maneno matupu. Mwezi jana mkojo wangu ulikuwa tofali. Leo ni kijani. Niko hatua ya tatu.”

Kila neno lilikuwa la kweli.

Walipiga makofi mpaka mabati yakasahau mvua. Mama mmoja mnene anayeitwa Wankyo, muuza dagaa, alinishika mikono miwili akasema, “Mwalimu, umeniokoa.” Mimi si mwalimu. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 12 Januari

Pakiti ya dada imekwisha.

Jumatano, 14 Januari

Chungwa tayari. Nimeamua kutafuta vidonge. Kliniki yetu siwezi. Nusu ya benchi walikuwa ukumbini wakinipigia makofi. Kesho nitakwenda Bunda, hakuna anayenijua.

Alhamisi, 15 Januari

Niandike taratibu.

Nimefika Bunda saa tatu. Nikaulizia zahanati ya mtu binafsi inayotoa dawa za sukari, nikaelekezwa nyuma ya soko. Benchi lilikuwa limejaa. Nikasimama mlangoni, nimejifunika khanga mpaka kwenye nyusi.

Nesi akaita kutoka dirishani, “Getruda Kwangu!”

Akasimama Dafroza.

Alikuwa amekaa upande wa ukutani, amejifunika kama mimi. Alitembea mpaka dirishani kama mtu aliyezoea, akatoa kadi, nesi akamhesabia vidonge kwenye bahasha ya kaki. Wakataniana juu ya mvua. Kisha akageuka, tukawa uso kwa uso.

Tukatoka nje, tukasimama chini ya bati la duka la pembejeo. Vumbi la pamba la msimu uliopita lilikuwa limeganda na tope ukutani. Nakumbuka hilo kwa sababu nililitazama muda mrefu.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Mama Kasmiri, usipige kelele.”

“Sipigi. Tangu lini unakuja hapa?”

“Mwezi wa saba.”

Mwezi wa saba ndipo alipoanza makopo.

“Kwa hiyo hujawahi kuacha.”

“Niliacha siku tisa,” alisema. “Siku ya tisa nikaanguka kwenye cherehani, sindano ikanipita kidole. Nikaogopa. Lakini nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu. Nimeshawapa watu makopo. Ningesemaje?”

“Ungeniambia mimi.”

Akaificha bahasha ya vidonge chini ya khanga.

“Uliniona ninavyoisha, Dafroza. Ulinipunguzia nguo. Vidonge vyangu ulivichukua kwa mkono wako.”

“Nilidhani kwako makopo yanafanya kazi,” alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, siyo ya ukumbini. “Uliposimama ukasema kijani, mimi nilifurahi kuliko wote. Nikasema, basi kumbe si uongo, ni mwili wangu tu ulioshindwa. Kwani haikuwa kijani?”

Nilimpiga kofi. Mwanamke wa miaka arobaini na nne, mjane, mtumishi wa serikali, nimempiga mtu kofi sokoni Bunda. Watu wakageuka. Nikarudi kwenye benchi la zahanati nikasubiri zamu yangu, nikaandikisha jina langu halisi.

Ijumaa, 16 Januari

Barua ya shemeji Magige, imeletwa na dereva wa lori la mihogo. Imeandikwa na mwalimu wa kijijini, mistari minne. Dada alijichoma na kisiki shambani kabla ya Krismasi. Kidonda kimekataa kufunga. Mguu umevimba na unanuka. “Anasema usisumbuliwe, anaendelea na hatua zako.”

Jumatatu, 19 Januari

Juzi niliondoka alfajiri. Lori liliishia kwenye daraja lililozama tena, nikavuka maji kiunoni nimeshikwa mkono na watu nisiowajua. Nimemkuta dada amekaa kwenye mkeka, mguu kwenye beseni. Makopo mawili yamepangwa kichwani pake, yamefutwa vumbi vizuri. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi.

“Karibu mdogo wangu,” alisema. “Usiogope, inatoka. Si ulisema itatoka kwanza?”

Tulimbeba kwa machela ya miti, watu wanne kwa zamu, mpaka penye barabara, jana tukapata trekta. Amelazwa Musoma. Daktari ameuliza alikuwa anatumia dawa gani. Nimejibu mimi. Amenitazama akaandika kitu kirefu.

Jumanne, 20 Januari

Wamemkata chini ya goti.

Jumatano, 21 Januari

Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 24 Januari

Homa imeshuka. Ameomba uji wa mtama, nimempikia. Amenishika kichwa kama zamani aliponisuka, akasema, “Usilie, mguu si mtu.” Nimemweleza habari zote za Dafroza, benchi la Bunda, jina la uongo, kadi. Nilisimulia kwa ukali. Nilitaka akasirike pamoja nami. Alisikiliza macho yamefumbwa.

Jumamosi, 31 Januari

Dafroza amekuja wodini.

Alileta sato wa mchuzi kwenye kibakuli cha mfuniko. Nilimwona tangu mlangoni nikasimama kumzuia, lakini dada akauliza, “Nani huyo?” na Dafroza akajitaja mwenyewe. Akapiga magoti sakafuni, pale pale katikati ya vitanda, wagonjwa wote wanatazama.

“Mama, mimi ndiye niliyeleta zile dawa. Nimekuja unitukane.”

Dada akamshika bega.

“Inuka, mama,” alisema. “Sakafu ina maji. Nipe huo mchuzi, wa hapa hauna chumvi.”

Akala. Alikula nusu ya samaki mbele yake, akatoa miiba polepole, akamwuliza watoto wangapi. Mimi nimesimama hapo kama nguzo. Dafroza alipoondoka nikashindwa kujizuia.

“Dada, unakula chakula chake? Yule ndiye aliyekukata mguu!”

“Yule simjui,” dada alisema. “Hajafika kwangu hata siku moja. Hakuniahidi kitu. Nimwekee kinyongo cha nini?”

Akafuta vidole kwenye shuka.

“Vile vidonge vyangu nilivyokupa, viko wapi? Daktari asubuhi ameviulizia, anataka kuona ni vya aina gani.”

Ningeweza kusema nilitupa. Nililiona neno hilo liko mdomoni, tayari kabisa, nikamwona Dafroza chini ya lile bati la Bunda.

“Nilivimeza,” nikasema.

“Ulivimeza lini?”

“Kabla ya Krismasi. Nilianza kabla ya Krismasi. Mkojo wangu ulikuwa mbaya, niliogopa.”

Nilimwona akihesabu siku. Hajui kusoma lakini siku anazihesabu vizuri.

“Kwa hiyo ulijua,” alisema. “Wakati ninajichoma kisiki, ulikuwa umeshajua.”

“Ndiyo, dada.”

“Na barabara ikafunguka baada ya mwaka mpya, lori likawa linakuja, hukutuma hata mtu.”

“Ndiyo.”

Hakupaza sauti. Aligeuza uso upande wa dirisha. Nilikaa mpaka kengele ya kuondoa wageni.

Jumapili, 1 Februari

Hakula uji wangu. Shemeji amempikia mwingine.

Jumatatu, 2 Februari

Nimeacha uji mezani kwa nesi.

Ijumaa, 6 Februari

Nesi amesema nisilete tena, unamwagwa.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda ukumbini Iringo. Dafroza hakuwepo; wanasema amerudisha makopo na amefunga chumba. Niliomba kipaza sauti kutoa ushuhuda wangu wa hatua ya tatu, wakanipa kwa furaha. Nikasema ile kijani ilikuwa ya vidonge vya hospitali nilivyomnyang'anya dada yangu, na kwamba dada yangu sasa ana mguu mmoja. Kipaza sauti kikazimwa. Mwenyekiti akaanzisha wimbo. Niliendelea kwa sauti yangu, lakini watu themanini wakiimba huwezi kuwashinda.

Nje kwenye mvua Wankyo wa dagaa alinifuata. Uso umempwaya, ameisha kama nilivyokuwa naisha mwezi wa kumi na mbili.

“Siku hizi kliniki inaanza saa ngapi?” aliuliza. Hakuniita mwalimu.

Nikamwambia. Nikamwomba msamaha. Akasema ana haraka.

Jumamosi, 14 Februari

Dada ameruhusiwa. Nilikuwa nimemtayarishia chumba cha Kasmiri, na kitanda kifupi. Shemeji alikuja geti la hospitali peke yake. “Anasema anaenda kwake,” akaniambia, na akatazama chini kwa aibu isiyo yake. Nilimwona kwa mbali akipandishwa kwenye lori, magongo yake yamelazwa juu ya magunia.

Jumapili, 1 Machi

Mvua inapungua. Vidonge nameza kila siku. Buluu, buluu, buluu. Naandika tu kwa kuwa mkono umezoea. Sijui nimwonyeshe nani.

Dafroza nilikutana naye Alhamisi kwenye benchi letu la zamani. Alikuwa ameniwekea nafasi kwa khanga yake. Nilikaa upande mwingine. Simsamehe. Lakini tangu siku ile ya wodini sijaweza tena kumchukia kwa raha.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekwenda Buswahili bila kuitwa. Shemeji yuko peke yake shambani, majani yamezidi mihogo. Dada alikuwa amekaa kibarazani, mguu mmoja umenyooshwa juani, anapeta mtama. Nikapiga goti kumwamkia. Aliendelea kupeta.

Sikujua la kufanya. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, lina tope bichi. Nikalichukua, nikaingia kwenye mihogo, nikaanza kulima karibu na nyumba ambapo angeniona. Nililima mpaka malengelenge yakapasuka. Miaka ishirini sijashika jembe. Jua lilipopanda sana shemeji alinyoosha mgongo, akanitazama, akainama tena kung'oa majani.

Saa saba nikarudisha jembe ukutani nikanawa miguu. Dada hakunikaribisha ndani. Nikasema, “Naondoka, dada.” Ungo wake ukasimama.

“Hilo ni jembe la Magige,” alisema, bila kunitazama. “Leo amepalilia kwa mikono kwa ajili yako. Jumamosi uje na la kwako.”